Likizo ya mahali tusipokuwa na ndugu

Ofisini kwetu, fomu ya likizo ikishasainiwa, swali linalofuata ni moja tu: Zanzibar au Mikumi? Ukisema si huku wala kule, watu wanakutazama kama una msiba unaouficha. Sheria inatupa siku 28 za likizo kwa mwaka, na wengi wetu hapa Dar tunazimaliza kwa kusimamia mafundi Kibaha au Chanika, halafu zinazobaki tunazipeleka kijijini. Mwaka ukiwa na baraka, basi ni boti ya Unguja, urojo, picha za Forodhani jioni, na kurudi. Au mnachanga, mnakodi Noah, mnaingia mbugani alfajiri, mnamkuta simba kalala, mnamsubiri aamke, haamki, mnarudi.

Sina ugomvi na simba. Na bahari naiheshimu, inanilisha. Nafanya kazi ya kugomboa mizigo, na dirisha la ofisi yetu linatazama makontena. Nyuma ya makontena ni maji mpaka macho yachoke. Kulipa fedha yangu ya likizo ili nikayatazame tena maji yaleyale kutoka upande wa pili, hapana.

Kwa hiyo mwaka huu nimekaa na daftari. Mimi ndiye nilishika kibubu, kwa hiyo mimi ndiye mwenyekiti wa kamati. Wajumbe ni mume wangu, kijana wetu aliye kidato cha pili, binti wa darasa la nne, na mjumbe asiyealikwa, wifi yangu, anayetoa maoni kwenye kundi la familia saa nne usiku.

Sharti la kwanza nililoliandika juu kabisa, nikalipigia mstari: tunakwenda mahali tusipokuwa na ndugu.

Naomba nieleweke. Kuunga udugu ni jambo jema na lina thawabu zake. Lakini si mapumziko. Mume wangu ni mtu wa Muheza. Lushoto ingekuwa jibu rahisi kwa familia ya Dar inayotaka kupumzika kwenye baridi: milima ya Usambara, msitu wa Magamba, maporomoko ya Soni, ule ukingo wa Irente ambapo ukisimama unaiona nyika ya Mkomazi chini kabisa imetandazwa. Wajerumani walipapenda hata wakapaita Wilhelmstal. Tanga mjini nako kuna mapango ya Amboni. Yote hayo nayajua, na yote nimeyaona kwa haraka haraka, kwa sababu huwezi kwenda pande za Tanga bila kushuka Muheza. Ukishuka kwa mjomba, lazima uende kwa shangazi. Kwa shangazi utaambiwa babu mdogo anaumwa mguu. Kila nyumba mkeka unatandikwa, chai inakuja, baada ya chai wali, na wewe una kilo za sukari kwenye buti la gari unazigawa kama afisa wa misaada. Siku ya kuondoka ndiyo mnakumbuka kwamba Irente hamkufika.

Kilwa iliniuma zaidi kuiacha. Mama yangu ni wa Lindi, na nimekua nikipita Nangurukuru nikiwa nimelala kwenye basi. Ng'ambo kidogo tu ya Kilwa Masoko, kwa mashua, kuna kisiwa ambacho Ibn Battuta alifika mwaka 1331 na kukisifu, chenye msikiti wa makuba na jumba la Husuni Kubwa lililojengwa kwa mawe ya matumbawe juu ya bahari. UNESCO waliliweka eneo lile kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Kijana wangu anasoma habari za miji ya pwani na dhahabu ya Sofala darasani, na kuna siku tutakwenda. Lakini nikifika Kilwa bila kuendelea hadi Lindi, mama atapigiwa simu kabla sijashuka kwenye ngazi za basi.

Mume wangu akaleta hoja ya kuvuka mpaka. Alitaka Kigali. Amesikia mji ni msafi na bodaboda wanavaa kofia ngumu, abiria pia. Nikamwambia sawa, lakini hesabu masaa ya basi kupitia Dodoma, Singida, Kahama hadi Rusumo, ukiwa na mtoto anayetapika kila kona. Tena ukifika Jumamosi ya mwisho wa mwezi unakuta ni umuganda, asubuhi yote watu wako kwenye kazi za kijamii, maduka yamefungwa na magari yametulia. Mimi binafsi ningependa kuuona umuganda wenyewe kuliko majengo, ila si kwa bajeti hii. Kampala nayo ina makaburi ya Kasubi ya wafalme wa Buganda, yaliyoungua 2010 na kujengwa upya kwa nyasi na ufundi wa ukoo maalumu. Jinja kuna pale Mto Nile unapotoka ziwani. Lamu? Lamu nitakwenda na shoga zangu, bila watoto, nikashangae mji wa mawe wenye punda wengi na magari ya kuhesabu. Hilo nimelifunga.

Likabaki Nyanda za Juu Kusini. Iringa, Mbeya, Tukuyu, Matema. Ndugu: hakuna. Nimepekua ukoo wa pande zote mbili, hakuna.

Nimelipenda kwa sababu ni mstari mmoja. Unaondoka Dar kwa barabara ya Morogoro na unashuka njiani unapotaka. Hakuna kurudi nyuma wala kuzunguka. Watu wengi hupanga likizo kwa kuokota majina, leo hapa kesho kule, mwisho wanatumia nusu ya siku zao kwenye stendi. Mimi nafanya kazi ya kusafirisha vitu, najua kinachokula fedha ni kuhamisha mzigo, si kuuweka.

Basi tunapandia Stendi ya Magufuli pale Mbezi, saa kumi na mbili asubuhi. Hapa nilibishana na wifi. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, kila mtu anasafiri usiku, eti unaokoa siku. Unaokoa siku, lakini unapita Mikumi gizani! Barabara kuu inakata hifadhi ile kwa kama kilomita 50, na mchana, ukikaa dirishani, unaona swala, twiga, pengine tembo, kwa nauli ileile ya Iringa. Hiyo ndiyo safari yetu ya wanyama, na simba akilala shauri yake. Dereva naye analazimika kwenda taratibu, kwa sababu ukimgonga mnyama faini inategemea ni mnyama gani. Baada ya hapo kuna bonde la mibuyu, kuna vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vinavyoninginizwa barabarani kwenye nyavu nyekundu, kisha Kitonga. Mlima Kitonga usiku ni hofu tu na taa za malori. Mchana unaona korongo lilivyo, na unaona malori ya Zambia na Kongo yanavyopanda kwa shida na mizigo ambayo, kwa haki kabisa, baadhi yake nimeigonga mihuri mimi mwenyewe.

Iringa tutalala zaidi ya usiku mmoja, kwa ajili ya kijana. Mwalimu wake wa historia aliwasomesha Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kwa aya mbili za ubaoni. Mimi nataka akaone. Pale Lugalo, Agosti 1891, Wahehe walikivizia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, na Zelewski hakutoka. Wajerumani wakarudi 1894 na mizinga wakaivunja ngome ya Kalenga. Mkwawa akaponyoka, akawasumbua msituni kwa miaka mingine minne mpaka 1898 alipojiua kwa risasi asikamatwe. Walimkata kichwa, fuvu likapelekwa Ujerumani. Sehemu inayonishangaza kila nikiifikiria ni hii: Mkataba wa Versailles wa 1919, ule uliomaliza vita kuu ya kwanza kwa kugawa mipaka na kudai fidia, una kifungu kinachoitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa. Wakubwa wa dunia wamekaa kwenye jumba la kifalme Ufaransa, na kati ya makaratasi yao kuna mtu wa Kalenga. Hata hivyo ilichukua mpaka 1954 ndipo fuvu likarudi. Sasa limo kwenye makumbusho ndogo pale Kalenga, mwendo mfupi kutoka mjini, unafika kwa bajaji.

Kijana wangu aliposikia kuna fuvu halisi, aliacha simu. Mume wangu ananiuliza kama ni sawa kumpeleka mtoto likizo akatazame fuvu. Nikamjibu kwamba simba tunamtazama akila swala mzima na hatusemi kitu.

Isimila iko upande wa kuelekea Mbeya, kama kilomita 20 kutoka Iringa. Kuna zana za mawe za watu wa kale sana, shoka za mkono zilizochongwa zikiwa bado zimelala kwenye korongo, na ng'ambo kidogo kuna nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko, ndefu kuliko nyumba, zimesimama peke yake. Nimeambiwa twende asubuhi kabla jua halijapanda, maana korongoni hakuna kivuli. Jioni tutakula mjini, tutajifunza kujibu "kamwene", salamu ya Kihehe, na ulanzi, pombe ya mianzi, tutauonja wakubwa tu.

Mbeya mjini sitaki kukaa sana. Nisamehewe na watu wa Mbeya. Ni mji mzuri kuutazama kutoka mlimani, ila shughuli zangu ziko nje yake. Ya kwanza ni ya binti. Anapenda mambo ya nyota, na tangu alipojua kwamba nchini mwetu kuna jiwe lililoanguka kutoka angani hajatulia. Kimondo cha Mbozi kiko upande wa Tunduma, siku hizi ni Mkoa wa Songwe, na ni kipande cha chuma cha urefu wa kama mita tatu, chenye uzito wa tani nyingi. Dunia ya wataalamu ilikijua 1930, ingawa wenyeji walikuwa wakikijua siku nyingi. Tutakwenda, atakigusa, atapiga picha, tutarudi. Ni safari ya kutwa kwa ajili ya jiwe moja. Nimekubali, kwa sharti kwamba asilalamike siku ya vyungu, nitakayoieleza.

Makazi yetu yatakuwa Tukuyu. Mwenzangu wa ofisini, Mnyakyusa, ndiye aliyenichorea ramani nyuma ya karatasi ya tamko la forodha. Alianza na onyo: mvua. Tukuyu inanyesha karibu mwaka mzima, na kama unadhani mwamvuli wa Kariakoo utakusaidia, umepotea. Akaniandikia Daraja la Mungu, mwamba uliojifanya daraja juu ya mto Kiwira. Ziwa Ngozi, lililo ndani ya kreta ya volkano, ambalo unapanda msituni kwa miguu na huoni chochote mpaka ufike ukingoni kabisa ndipo maji yanajitokeza chini. Na Mlima Rungwe wenyewe, ambao sisi tutautazama tukiwa tumekaa. Kwenye misitu ya Rungwe ndiko anakoishi kipunji, nyani ambaye wanasayansi walimkuta 2003, wakamtangaza 2005, na mwaka uliofuata wakaona hafanani na yeyote kiasi cha kumpa jenasi yake mwenyewe. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wanamjua muda wote huo, hata jina ni lao. Mwenzangu anasema tusitegemee kumwona. Hilo ndilo lililonivutia.

Na chakula. Jamani, chakula. Ndizi za mbalaga, parachichi ambazo Dar tunauziwa moja moja kama dawa, maziwa, chai inayochumwa hapohapo kwenye mashamba unayoyaona dirishani. Tena Kyela ni mwendo wa kosta tu kwenda chini, ndiko unakotoka ule mchele ambao kila muuza duka wa Tabata anaapa kwamba wake ni wa Kyela. Nataka niule ukiwa kwao, nijue tumedanganywa kwa kiasi gani.

Hapa ndipo mama mkwe alipoingia. Nilikwenda kumuaga kidogo, nikamweleza mpango wote kwa adabu. Akasikiliza, akauliza, "Sasa huko mnakwenda kwa nani?" Nikasema, "Mama, tunakwenda tu kutembea." Akanyamaza, akatafuna tambuu. Halafu akasema kuna binti wa binamu yake marehemu aliolewa na mwalimu, na huyo mwalimu alihamishiwa huko huko Tukuyu, na akina mama wenzake bado wana namba yake. Mume wangu alitazama dari. Kwa hiyo sasa tuna ndugu Tukuyu. Nimepanga chai moja, Jumapili, na sukari kilo mbili. Usiku hatulali kwake, tunalala gesti.

Kitulo ndiyo imeleta mgogoro wa tarehe. Ni uwanda wa juu, mita 2,600 na zaidi, nyasi na maua tu, watu wa huko wanauita Bustani ya Mungu. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa 2005, na ndiyo ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kutengwa hasa kwa ajili ya mimea. Kuna aina zaidi ya 40 za okidi. Nyingi zilikuwa zinachimbwa, mizizi inapelekwa Zambia kutengenezewa chikanda, chakula kinachopendwa sana kule, na hiyo ni sababu mojawapo ya kulindwa kwake. Unaingia kutokea Isyonje, kwenye barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, na kiingilio cha raia ni cha shilingi na ni kidogo ukilinganisha na cha wageni, mradi ubebe kitambulisho.

Sasa maua yanaanza na mvua, Novemba hivi, na yanaendelea mpaka Aprili. Shule zinafungwa Juni na Desemba. Juni barabara ni kavu lakini uwanda ni nyasi za kahawia na baridi ya kugandisha. Desemba maua yapo, na tope lipo. Mume wangu anataka Juni. Mimi nataka Desemba, kwa sababu kupanda mpaka bustani isiyo na maua ni sawa na kwenda harusini siku ya kurudisha viti. Tumepiga kura. Binti alikuwa upande wangu, kijana hakujali, wifi alipiga kura bila kuulizwa. Hoja ya Desemba imeshinda.

Matema ni mwisho wa mstari, kaskazini kabisa mwa Ziwa Nyasa, pale milima ya Livingstone inaposhuka mpaka majini. Mume wangu alicheka alipoiona kwenye daftari. "Si ufukwe huo?" Ndiyo, ni ufukwe, una mchanga na watoto wataogelea pale wenyeji watakapotuambia hakuna mamba. Lakini mimi sifuati mchanga. Nafuata vyungu. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe wanafinyanga vyungu vilivyojulikana pande zote za ziwa, vinapakiwa kwenye mitumbwi, na Jumamosi kuna soko la Lyulilo, jirani na Matema, ambako unavikuta vimepangwa chini. Ratiba nzima nimeijenga kurudi nyuma kutoka Jumamosi hiyo. Mtu mwingine angeanza na tarehe ya kuondoka. Mimi nilianza na siku ya soko, nikahesabu kwenda juu. Nataka chungu cha maharage na kingine cha samaki, na nataka kumwuliza aliyekifinyanga namna ya kukipika mara ya kwanza kisipasuke. Hapo mezani tutakuwa na mbasa wa kuchoma au usipa, na wali wa Kyela, huo wa ukweli.

Kurudi nimeandika treni ya TAZARA, na kando nimeweka alama ya kuuliza. Kama kutakuwa na safari ya abiria wiki hiyo, tutapandia stesheni ya Mbeya. Reli ile ilijengwa na Tanzania, Zambia na China kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, ili Zambia isitegemee njia za kusini zilizokuwa mikononi mwa walowezi. Baba yangu mdogo alifanya kibarua cha kubeba mataruma. Kati ya Makambako na Mlimba ndiko kuna mahandaki na madaraja mengi, kisha reli inashuka bonde la Kilombero na kukatiza Hifadhi ya Nyerere, kwa hiyo tembo tutapewa tena bila kudaiwa. Tutachukua behewa la kulala, chumba kizima chetu, mlango tukafunga. Ratiba nitaithibitisha stesheni pale Barabara ya Nyerere wiki mbili kabla, na nimeacha siku tupu kabla ya kurudi kazini, maana treni ikichelewa sitaki kumpigia bosi nikiwa Mlimba bila mtandao. Isipokuwepo, basi la mchana.

Tatizo lililobaki ni mzigo. Kutoka mita 2,600 hadi chini ziwani ndani ya siku chache inamaanisha makoti na kaptura kwenye begi moja, na kurudi kuna vyungu. Kijana anasema vyungu vipakiwe kwenye boksi. Nimemwambia mimi nimeona maboksi yaliyoandikwa "vinavunjika" yakitua bandarini, kwa hiyo chungu kimoja atakipakata yeye na kingine baba yake. Baba yake bado hajaambiwa.